Walisema Paka Anaomboleza

Machi 10, Jumatatu

Siku ya thelathini na saba ya eda. Wifi yangu Fathiya amerudi dukani na ndimu, sukari na daftari hili la shule.

"Andika," ameniambia. "Kusema husemi, kulia hulii, basi andika tujue kama u hai."

Fathiya ndivyo alivyo. Ametoka Uroa, ameuacha mwani wake baharini kuja kukaa na mimi mpaka eda iishe, na anataka kila anayepanda ngazi zetu ajue kuwa ameuacha mwani wake.

Basi naandika. Mume wangu Wakil alikuwa karani wa bandari hapa hapa Malindi, hatua chache kutoka nyumbani. Tarehe mbili Februari alitoka msikitini baada ya alasiri, akapanda ngazi, na alipobakisha ngazi tatu akakaa chini na kuniita jina. Nilipofika alikuwa ameshakwenda. Hospitali walisema ni presha, imepasua mshipa wa kichwa. Tulikaa pamoja miaka thelathini na mmoja na hatukujaliwa mtoto. Haya yote nayajua vizuri na hakuna hata moja linaloniuma. Watu wanakuja, wananitazama usoni wakitafuta machozi, wanaondoka bila ya kuyapata.

Machi 11, Jumanne

Joto. Hakuna la kuandika.

Machi 14, Ijumaa

Nimemsahau wa tatu wa nyumba hii. Anaitwa Kontena. Wakil alimkuta chini ya kontena la mchele bandarini, miaka kumi na moja nyuma, mdogo hata kiganja hakijai, akamleta nyumbani ndani ya kofia yake. Sasa ni dume la manjano, kichwa kikubwa, na mwendo wa mtu mwenye cheo. Tangu Wakil afe hapandi tena kitandani. Anajilaza nyuma ya mlango juu ya makubadhi ya Wakil, anakaa hapo mchana kutwa.

Leo Bi Kidawa, jirani yetu wa chini, amekuja na bakuli la uji wa futari. Alipomwona paka akaweka mkono kifuani.

"Masikini, anamlilia bwana wake. Naye yumo edani huyu."

Wanawake waliokuwepo wakaguna kwa huruma, mmoja akafuta macho kwa ncha ya buibui. Mimi nilipata nafuu. Alau kuna mmoja katika nyumba hii anayeomboleza ipasavyo, na macho ya watu yamepata pa kwenda.

Machi 17, Jumatatu

Simu ya Wakil bado naitia chaji, sijui kwa nini. Leo imeingia ujumbe: "Assalaam alaykum Bw. Wakil. Kontena alikuwa na miadi ya kupimwa tarehe 20 Februari, hatukumwona. Karibuni. Daktari Salhiya, Chukwani."

Asiyemjua Wakil atadhani ni mzaha. Kila Februari na kila Agosti alimtia Kontena katika sanduku la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe, wakaenda zao Chukwani kwa daktari wa wanyama. Paka mzima, anayekula, anayepigana na madume ya mtaa mzima, anapelekwa kupimwa uzito, kutazamwa meno, kutolewa damu. Barazani walimcheka mpaka wakachoka. "Wakil, mke mdogo ana miezi mingapi?" Mimi nilicheka kuwashinda wao. Yeye alikuwa na jibu moja tu, "Paka hasemi," kisha anafunga sanduku na kuondoka.

Sikuujibu ujumbe. Niko eda, na mjane hatoki. Nimeilaza simu kifudifudi.

Machi 21, Ijumaa

Mvua ya kwanza ya masika. Fathiya amekimbilia juu kuanua nguo. Kontena amekunywa maji ya ndoo ya kuogea, muda mrefu.

Machi 25, Jumanne

Anakunywa kila mahali sasa. Ndoo, kopo la mrehani, maji ya mvua yanayosimama dirishani. Bi Kidawa amepata na hili la kulisemea: "Anayelia hukaukwa, shoga yangu." Maneno ya Bi Kidawa ni laini, mtu huyameza bila ya kuyatafuna.

Fathiya alikuwa jikoni akipara changu.

"Mbuzi wangu mmoja alikuwa akinywa maji vivi hivi," akasema. "Alikufa."

"Kontena si mbuzi."

"Ndo nnavyosema mie. Mbuzi hana watu wa kumtungia hadithi."

Nikamwambia yeye mtu wa shamba, ataijulia wapi huzuni ya paka wa mjini. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa sababu niliyasema. Fathiya aliendelea kupara samaki wake, magamba yakaruka mpaka ukutani.

Machi 31, Jumatatu

Idi. Sikuvaa kipya, sikujipaka wanja, sikujifukiza udi. Ndiyo sheria ya eda, na leo imenifaa. Wageni wamekuja, wamekula, wamemuulizia paka. Siku hizi wanamuulizia yeye kabla yangu. Bi Kidawa anawapeleka nyuma ya mlango mmoja mmoja kumwangalia, na kila mmoja anarudi ameinamisha kichwa.

Aprili 3, Alhamisi

Mvua.

Aprili 4, Ijumaa

Mvua. Ngazi zinavuja.

Aprili 7, Jumatatu

Nimempitishia Kontena mkono mgongoni. Mifupa inahesabika. Nimeuondoa mkono.

Aprili 12, Jumamosi

Mvua ilipumzika kidogo asubuhi, Fathiya akaja na sanduku la Wakil mkononi. Alikuwa amelifuta vumbi na kutandika kanga chakavu ndani.

"Nipe mie huyu paka. Nnakwenda Chukwani, adhuhuri nsharudi."

"Utampoteza."

"Nshachunga ng'ombe tokea sijavunja ungo, sikupoteza hata ndama. Leo nipoteze paka alofungiwa sandukuni?"

"Mwache na msiba wake, Fathiya."

"Msiba gani wa paka kunuka mdomo?"

Nikasema nimesema. Nyumba ni yangu, paka ni wangu. Fathiya akaliweka sanduku chini taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aje hakusema neno juu ya mwani wake.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike ukweli. Sikuogopa kuwa atampoteza. Niliogopa daktari atasema ni ugonjwa. Ikiwa ni ugonjwa, basi hakuna anayemlilia Wakil ndani ya nyumba hii.

Aprili 16, Jumatano

Simu ya Wakil imelia nikaipokea bila ya kufikiri. Sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu.

"Bw. Wakil yupo? Ni kuhusu Kontena."

"Hayupo," nikasema, nikakata. Sikusema amekufa. Nimesema hayupo, kama mtu aliyetoka kununua mkate.

Aprili 18, Ijumaa

Mvua. Bi Kidawa ameleta mkate wa mofa. Fathiya amemtilia Kontena kipande cha samaki, akakinusa, akakiacha.

Aprili 23, Jumatano

Ametapika mara mbili tangu alfajiri, na amekojoa juu ya mkeka wa kusalia. Paka huyu hajapata kukojoa ndani tangu alipokuwa mdogo. Nilisimama nikaangalia tu. Fathiya akauchukua mkeka, akaufua, akauanika barazani chini ya paa, akarudi na kitambaa cha maji ya uvuguvugu akamfuta Kontena mdomo na miguu ya nyuma. Hakunitupia jicho hata mara moja. Niligundua kuwa anamwita "mwanangu". Sijui ameanza lini.

Nilikuwa nikidhani Fathiya hampendi paka kwa sababu anamfukuza jikoni kwa ufagio. Kumbe kila asubuhi, mimi nikiwa bado nimejifunika, yeye ndiye anayembadilishia maji, ndiye anayeona amekula kiasi gani. Mimi nilikuwa nikimuona paka wakati wageni wanapomtazama.

Aprili 29, Jumanne

Leo ni lazima niandike sana, ingawa mkono hautaki.

Dirisha la ukumbini lina kizingiti kipana, mahali pa Kontena pa miaka yote. Anaruka mara moja, bila ya kujitayarisha, anakaa kutazama watu wa mtaani. Leo baada ya adhuhuri alikwenda akasimama chini yake. Akaangalia juu. Akajikunja, akaruka, akafika nusu, kucha zikakwaruza ukuta, akaanguka ubavu. Hakulia. Aliinuka, akajilamba bega mara mbili, kama kwamba kuanguka kwenyewe ndiko alikokusudia, kisha akarudi nyuma ya mlango kwa mwendo wake ule ule wa cheo, miguu ikimtetemeka.

Fathiya alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na unga mikononi. Aliona yote, na aliniona mimi nimekaa nikishona kofia, sikuinuka.

"Wifi," akasema, "mie nshanyamaza sana. Kaka yangu kafa, nami nimemzika kwa machozi yangu mwenyewe. Wewe huwezi kulia. Haya, Mungu ndo anojua, sikulaumu. Lakini huwezi kumliza paka kwa niaba yako. Mnyama mgonjwa huyu. Unamuona, na unajua."

"Niko eda."

"Ushamuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Siku themanini na saba sikumuuliza mtu, kwa sababu nilijua nikiuliza nitajibiwa.

Akaosha mikono, akavaa buibui, akatoka mvuani. Baada ya nusu saa nikasikia hodi, na sauti ya Ustadhi Simai wa msikiti wetu kutoka kwenye ngazi. Hakuingia. Alisimama upande wa pili wa pazia, maji yakimtiririka kutoka kwenye mwavuli wake hadi mlangoni petu.

"Bi Zeyana."

"Naam, Ustadhi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa una haja ya kutoka. Mjane hutoka mchana kwa haja yake, akarudi akalala nyumbani kwake. Haya si mapya, na ungeniuliza Februari ningekwambia Februari."

"Ni kwa ajili ya paka, Ustadhi. Niliona haya."

Akaukung'uta mwavuli wake.

"Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie akatafuta mwenyewe, habari yake unaijua?"

"Naijua."

"Basi hilo si la kuona haya."

Akaaga, akashuka. Fathiya akaniletea simu ya Wakil na kunishikisha mkononi. Nilipiga. Tumeambiwa kesho saa tatu asubuhi.

Aprili 30, Jumatano

Nimetoka, mimi na Fathiya. Siku ya themanini na nane. Mji umejaa maji, na teksi ilitambaa mpaka tukaipita Mazizini. Sanduku nililipakata. Zamani, Wakil akiondoka naye, Kontena alikuwa akipiga makelele mtaa mzima ukajua. Leo hakutoa sauti.

Daktari Salhiya ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani. Aliniamkia, akatazama nyuma yangu akimtafuta mwingine.

"Bw. Wakil hakuja?"

"Amefariki. Tarehe mbili Februari. Siku ile ulipopiga sikuweza kusema."

Akasema inna lillahi, akakaa kitini, na ilibidi tumsubiri. Nikashangaa kuwa kuna mtu Chukwani anayemjua mume wangu kiasi cha kukaa chini.

Kisha akainuka, akamweka Kontena kwenye mizani. Agosti alikuwa kilo tano na gramu mia moja. Leo kilo tatu na mia mbili. Akamfungua mdomo akatutazamisha ufizi, mweupe. Akamvuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama kama hema, haikurudi. Akatoa damu, akaingia nayo chumba cha ndani, tukakaa tukisikiliza mvua juu ya bati.

"Daktari," nilimuuliza alipotoka, "haiwezi kuwa ni huzuni?"

"Huzuni ipo, Bi Zeyana. Paka huweza kususa chakula siku mbili tatu kwa kumkosa mtu wake. Lakini huzuni haimfanyi anywe ndoo ya maji. Hizi ni figo."

"Tokea lini?"

Akafungua faili. Lilikuwa nene, la miaka kumi na moja, la paka.

"Agosti niliona kidogo kwenye damu. Kidogo sana, usingeweza kumtambua kwa macho. Nikamwambia Bw. Wakil tumwangalie tena Februari, na kama imepanda tumbadilishie chakula, tuanze dawa. Aliandika mwenyewe tarehe, hapa."

Niliiona. Ishirini Februari, kwa mwandiko wake wa karani, na mstari chini yake.

"Hakunambia kitu."

"Pengine hakutaka kukutia wasiwasi. Paka anaficha, Bi Zeyana. Porini mnyama anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa, na yeye hilo hajalisahau hata akikaa kwenye zulia. Anakula, anajilamba, anapanda dirishani, na huku figo zinakwenda. Ukija kumwona amekonda, kubwa lishapita. Ndo maana nataka waletwe wakiwa wazima. Akivuka miaka saba, mara mbili kwa mwaka. Miezi sita yake ni kama miaka miwili yetu mimi na wewe."

"Kama tungekuja siku yake, je?"

"Pengine angepata mwaka. Pengine miwili. Siwezi kukuapia."

"Na sasa?"

"Sasa tujaribu."

Akamlaza, akamnyoa mguu wa mbele, akamtia dripu. Fathiya alikishika kichwa chake na kumsomea. Daktari alikuwa akiandika, akauliza bila ya kuinua macho, nadhani kwa kutaka kunipa la kuzungumza, "Na Bw. Wakil alikuwa akiumwa na nini?"

"Presha."

"Alikuwa akitumia dawa gani?"

"Hakuna. Hakupata kupimwa."

Kalamu ikasimama. Daktari Salhiya akanitazama, akalitazama faili lile nene. Fathiya naye aliacha kusoma.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jambo moja. Miaka kumi na moja nilimcheka akimpeleka paka. Hata siku moja haikunijia kumuuliza, na wewe je, Wakil? Nililifikiria hili na kulirudia mpaka Malindi, na bado sikuhisi kitu.

Mei 3, Jumamosi

Dripu ya tatu. Daktari amenifundisha kumtilia maji chini ya ngozi kwa sindano nyumbani. Nimeshona kofia miaka arubaini, sindano naijua.

Mei 6, Jumanne

Amekula kichwa cha dagaa mmoja. Fathiya amepiga kigelegele kizima kizima, Bi Kidawa akapanda kuuliza nani anaolewa.

Mei 9, Ijumaa

Chukwani. Kilo tatu na mia tatu. Gramu mia moja zaidi. Nilimwomba daktari ampime tena nihakikishe, akampima tena.

Mei 13, Jumanne

Mvua. Sindano. Kontena ameacha kulala nyuma ya mlango, anajilaza pembeni mwa mguu wangu ninaposhona. Bi Kidawa amekuja, ametafuta paka mahali pake pa siku zote hakumwona, na nadhani imemsikitisha.

Mei 17, Jumamosi

Kilo tatu na mia mbili na hamsini.

Mei 18, Jumapili

Fathiya amenihadithia leo jinsi Wakil alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akiwaokota vifaranga walioachwa na mama yao na kuwaweka chini ya kibao cha mbuzi, na mama yetu akienda kukuna nazi wanamrukia. Miaka thelathini na mmoja sikupata kuisikia hadithi hii. Nilimuuliza kwa nini hakunihadithia kabla.

"Hukuwahi kukaa nami kitako, wifi. Ukija Uroa unakuja na saa yako."

Ni kweli. Nilikuwa nikihesabu saa za kurudi mjini.

Mei 22, Alhamisi

Sindano. Hakula.

Mei 23, Ijumaa

Hakula.

Mei 24, Jumamosi

Kilo mbili na mia tisa. Daktari Salhiya alivua miwani yake. Alisema figo hazisikii tena, na kwamba kama nataka anaweza kumpumzisha hapo hapo, hatahisi. Nilimuuliza kama ana maumivu. Akasema kwa dawa aliyompa, leo hana, kesho hajui. Nikasema basi leo arudi nyumbani. Sijui kama nilifanya vyema. Fathiya alisema vyema, lakini Fathiya alikuwa akilia.

Mei 25, Jumapili

Saa mbili na robo asubuhi. Alikuwa juu ya kanga ya Fathiya, mimi nimemshika mguu wa mbele ule ulionyolewa, manyoya yalikuwa yameanza kuota. Alivuta pumzi ndefu mbili. Nje kulikuwa na jua, la kwanza kwa siku nyingi, na watu walikuwa wakitoa magodoro yao kuyaanika.

Mjini hatuna udongo wa kumzika. Fathiya alimtia kwenye sanduku lake akaenda naye Uroa, akamzika nyuma ya nyumba yake, karibu na chanja za mwani. Jioni alirudi na mchanga kwenye pindo la buibui. Aliniambia amechimba kwenda chini sana, mbwa hawatamfikia.

Bi Kidawa alipanda kutoa pole. "Kamfuata bwana wake," alisema.

Juni 1, Jumapili

Hakuna.

Juni 7, Jumamosi

Idi kubwa. Nyama imeletwa kutoka nyumba tatu. Hakuna wa kuiba mifupa jikoni, na Fathiya ameshika ufagio muda mrefu bila ya kazi.

Juni 10, Jumanne

Eda imekwisha. Nimeoga, nimevaa gauni jipya la kijani alilonishonea Fathiya, nimejifukiza udi baada ya miezi minne. Wanawake walijaa ukumbini, wengine wametoka Uroa upande wa wifi yangu. Pilau ililiwa, dua ikasomwa. Kisha Bi Kidawa akaanza kuwasimulia watu wa Uroa.

"Hamjaona mapenzi nyie. Paka yule alijilaza juu ya makubadhi ya marehemu, hakula hakunywa, mpaka akamfuata. Mnyama! Bin Adamu wangapi wana uaminifu ule?"

Wakaguna kwa huruma. Nililijua lile guno, nilikuwa nimeliishi miezi mitatu.

"Alikunywa," nikasema.

Watu wakanigeukia. Walishazoea kuwa mimi sisemi.

"Alikunywa ndoo nzima, Bi Kidawa. Alikuwa na ugonjwa wa figo. Siku yake ya kupimwa ilikuwa ishirini Februari, imeandikwa. Daktari alileta ujumbe, sikujibu. Alipiga simu, nikaikata. Fathiya alitaka kumpeleka kwa mkono wake, nikamkatalia, nikamtukana na ushamba juu yake. Nilipenda mkisema analia, maana mimi nilikuwa siwezi. Hakumfuata mtu. Mimi nilimwacha akafa."

Hakuna aliyetafuna. Bi Kidawa alikiweka kikombe chake chini.

"Shoga yangu, sisi tulikuwa tukikuliwaza tu."

"Najua. Na mimi nililiwazika."

Nilitaka kuishia hapo, lakini maneno yalikuwa yamepata njia. "Na Wakil pia hakufa kwa ghafla. Mtu hafi kwa presha ghafla. Alikuwa nayo humu ndani, miaka, anapanda ngazi na kushuka, anakula nilichopika, na hakuna aliyempima. Paka alikuwa na faili nene hivi. Mume wangu hakuwa na karatasi hata moja."

Wageni waliondoka mapema kuliko kawaida. Bi Kidawa aliniaga kwa mkono wa baridi, na nadhani tutakaa muda bila ya kuletewa bakuli. Jikoni tulibaki mimi na Fathiya na masufuria. Alikuwa amenipa mgongo.

"Akija Uroa alikuwa akijishika kisogo," alisema. "Kila mwezi. 'Fathiya, shingo imenikaza leo.' Namwambia upepo huo, nampa panadoli. Nimempa panadoli miaka, wifi."

Nikalia hapo. Nilikuwa na sufuria la pilau mkononi na sikuliweka chini, nikalia nalo, kwa sauti mbaya ambayo sikujua kuwa ninayo. Nilimlilia Wakil, na paka, na sikuweza kuwatenganisha. Fathiya alilitoa sufuria mikononi mwangu. Tulikaa sakafuni mpaka maji ya kuoshea yakapoa.

"Kesho hatuoshi, hatufui," alisema baadaye akijifuta pua. "Kesho tunakwenda kupimwa."

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi. Kwani nimesema nnaumwa?"

Juni 11, Jumatano

Tumekwenda hospitali asubuhi, mimi na Fathiya, tukapanga foleni. Alikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mtu huyu hutembea baharini maji ya kifua kufuata mwani, lakini leo aliogopa kiti. Akaniambia nitangulie mimi.

Muuguzi alikuwa mwanamke mwenye haraka. Aliniuliza jina, umri, mtaa. Zeyana, hamsini na tisa, Malindi. Akaniuliza mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini.

Nikamwambia sijapata kupimwa.

"Hata mara moja, bibi? Na nyumbani je, hakuna anayepimwapimwa?"

Nikamwambia nyumbani kwetu aliyekuwa akipimwa ni paka tu.

Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Fathiya hakucheka, wala mimi. Akanipandisha mkono wa gauni, akanifunga ule mkanda, ukaanza kunibana.